Mlafi wa Wodi ya Wanawake

Jumamosi iliyopita nilikuwa sokoni Sumbawanga mjini, nimetumwa na mlezi wa bweni kutafuta chumvi. Siku hizi chumvi hainunuliwi, inatafutwa. Nilikuwa nachechemea zangu taratibu kama mzee wa kanisa anayepeleka sadaka ndogo, mara sauti ya kike ikapasua watu: "Mlafi! We Mlafi!" Walafi wote wa soko zima waligeuka. Mimi nikageuka mwisho, kwa sababu jina hilo nilidhani limezikwa kijijini Mollo pamoja na aliyenipa. Kumbe ni Fides, binti wa Bibi Desideria, amekaa nyuma ya kikapu cha maharage, kitenge kichwani, uso ule ule wa mama yake ila wenye nyama. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanivuta mkono hadi nikachuchumaa kwa mguu mmoja, mwingine nikaunyoosha kama mpini wa jembe. Tuliulizana habari za nyumbani na za masomo, kisha akashusha sauti. "Mwanangu, wewe ndiye uliyelala naye kitanda kwa kitanda. Mimi nilikuwa Milepa kwa mume wangu, mvua ikanifungia kule bondeni, nikaja kukuta mwili. Manesi waliniambia alipumzika vizuri, lakini manesi ndiyo kazi yao kusema hivyo. Niambie wewe. Mama aliumia sana?"

Mimi ninayemjibu mwalimu wa zamu kabla hajamaliza swali nilianza kuhesabu maharage ya kikapuni. Watu huandika kumbukumbu za maisha yao wakiwa na mvi. Mimi nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu wakati wenzangu wako cha nne, na kitu pekee kilichozeeka kwangu ni mguu wa kushoto. Lakini mwaka ule niliolala hospitali, nisipouandika, swali la Fides litaniganda kooni kama kipande cha ugali wa shule.

Nilifikaje hospitali? Kwa njia ya Elimu ya Kujitegemea. Shule yetu ilikuwa na banda la kuku, na siku moja mwezi wa tano nilipanda juu ya paa lake kumwigiza mwalimu mkuu akihutubia. Nilikuwa nimefunga kanga tumboni kupata kitambi. "Wasichana!" nikasema. "Kuku hawa ni wa umma! Mayai ni ya ofisi!" Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini, na paa nalo likaamua kukaa chini. Kuku mmoja alikufa, mimi nikavunjika paja. Mwalimu mkuu alipofika alianza kumwangalia kuku.

Wodi ya wanawake ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha upande wa milima ya Mbizi, na vioo viwili vilikuwa vimezibwa kwa maboksi. Mwezi wa sita upepo wa Ufipa ulipita kwenye yale maboksi kama una kibali. Tulijifunika blanketi nyekundu mpaka puani. Harufu ilikuwa ya dawa ya kusugulia sakafu, ikichanganyika na moshi wa nyuma ya jengo, ambako ndugu za wagonjwa walipika ugali wa ulezi na maharage, na mtu akipata migebuka kutoka ziwani basi wodi nzima inajua. Mimi mguu wangu ulining'inizwa kwa kamba, na mfuko wa mchanga ukiuvuta upande wa pili. Mfupa uligoma kuunga, kidonda kikatunga usaha, na daktari akasema nitakaa sana. Nikaona kama ni kukaa, tukae kwa furaha. Nikaanzisha redio. Kila asubuhi baada ya uji niliweka kikombe cha bati mdomoni: "Hii ni Redio Wodi ya Wanawake. Ndugu wananchi, uji wa leo umepatikana kwa jitihada zetu wenyewe. Sukari iko njiani tangu mwaka jana. Mnaombwa kuwa na subira na kuukoroga kwa matumaini."

Aliyecheka zaidi ni Mama Kandida wa Kasesya, mwenye miguu iliyojaa maji na mdomo uliojaa maneno. Kwa macho yake, kila aliyeingia wodini alikuwa amelogwa au ana mimba. Kitanda cha kushoto kwangu, karibu kiasi kwamba nikinyoosha mkono nagusa shuka lake, alikuwa Bibi Desideria. Alikuwa mdogo kama mtoto wa darasa la nne, rozari shingoni, na mikono mipana isiyolingana na mwili, mikono ya mtu aliyeinua matuta ya ulezi maisha yake yote. Alikuwa na kansa ya kizazi. Neno hilo sikuambiwa na mtu. Nililisikia daktari akimnong'oneza matroni nyuma ya pazia, kana kwamba pazia ni ukuta. Bibi aliongea Kifipa na mimi, na Kiswahili alikitoa mbele ya watu wa serikali tu, kama mtu anavyotoa sahani za wageni. Redio yangu aliisikiliza akiwa amefumba macho, na mwishoni alisema neno moja tu: "Endelea." Nami nilikuwa naendelea, hata habari zikiwa zimekwisha.

Baridi ilipokuwa kali ndipo alipokuja Sista Atupele. Hakuwa sista wa kanisani. Manesi wote tuliwaita sista. Alikuwa msichana wa Mbeya, anasomea uuguzi wa juu, viatu vyeupe kuliko shuka zetu, na ametumwa na chuo chake kufanya utafiti: watu wanaougua sana wanaumia kiasi gani, wanalala, wanakula, kuna jambo gani linalowapa raha. Sisi tulizoea kuulizwa umeharisha mara ngapi. Kuulizwa habari za raha kulimfanya Mama Kandida ajifunike uso kwa aibu. "Sista, raha tena? Hapa au nyumbani?" Wodi ikacheka, na Sista mwenyewe akacheka hadi akaangusha kalamu. Nikampenda hapo hapo.

Njia yake ya kupima maumivu ilikuwa hivi. Alikuwa na bakuli la bati lenye maua, ndani yake punje kumi za maharage mekundu. Alipita kitanda kwa kitanda baada ya uji, anainama, anasogeza bakuli. "Bibi, maumivu ya leo chukua punje zake. Ukiwa huumwi, usichukue. Ukiumwa kidogo, chukua kidogo. Ukiona yamezidi, huwezi kuyabeba, chukua zote." Mgonjwa anachukua, Sista anaandika, punje zinarudi kwenye bakuli, anakwenda kwa mwingine. Daktari aliipenda njia ile, maana sindano za pethidini, dawa kali ya maumivu, zilikuwa chache, na hakuwa na namna ya kujua nani apewe. Sasa akaamua kwamba aliyechukua punje nyingi atachomwa sindano, aliyechukua chache atapewa asprini.

Mimi nilichukua zote. Kila siku. Nilizikomba kwa viganja viwili na kusema, "Kuna za nyongeza?" Sista alitabasamu, akaandika kitu kifupi mno, wala sikuchomwa sindano hata siku moja. Nani atamwamini mtu anayeumwa kumi huku anatangaza habari? Lakini kwa wenzangu ilikuwa kashfa. "Mtoto huyu anakomba bakuli!" alisema Mama Kandida. "Kwenu wamekufundisha nini?" Na Bibi Desideria, aliyekuwa akisubiri zamu yake, akanitazama kwa huruma ile watu wanayomtazamia mbuzi aliyeingia kanisani, akasema kwa Kifipa: "Mlafi wee. Na wenzako watapata nini?" Halafu bakuli likafika kwake. Akajinyanyua kidogo, akanyoosha mikono yote miwili kama anayepokea ekaristi, akachukua punje moja. Akaiweka kifuani. "Asante, mwanangu. Inatosha."

Nilicheka. Jina la Mlafi likanasa, hata wafagiaji wakaniita hivyo. Ila kitanda kwa kitanda kuna mambo huwezi kutoyasikia. Wakati wa mchana, watu wakiwa wamesinzia, nilimsikia Bibi akiuma ncha ya kitenge chake. Kitenge kikiumwa kwa nguvu kina sauti, kama mtu anachana karatasi taratibu. Uji wake ulipoa, ukaota ngozi juu, ukachukuliwa. Fides alipopanda kutoka Milepa na ugali wa ulezi umefungwa kwenye majani, Bibi aliusifu, akaushika, akanipitishia kwa siri Fides alipogeuka. Miguu yake ilitetemeka chini ya blanketi mpaka chuma cha kitanda changu kikatetemeka nacho. Na kesho yake asubuhi bakuli likija: punje moja, mikono miwili, asante, inatosha. Asprini.

Nikamuuliza. "Bibi, mbona unachukua moja? Wewe unaumwa kuliko sisi wote." Akanitazama kana kwamba nimeuliza mbona havui nguo barabarani. "Bakuli la mgeni," akasema. "Amekuja kutoka mbali, anatupitishia sote. Yule mama aliyeungua yuko pale mwisho, hajafikiwa. Nikombe mimi, yeye akute bakuli tupu?" Nikamweleza kwamba punje zinarudishwa, zile zile zinazunguka, si chakula. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akasema maneno ambayo mama yangu pia husema, na mama yako wewe unayesoma bila shaka anayasema: "Mtu mzima haonekani anakomba."

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho chuo cha Sista hakikukijua. Kwetu mtoto kabla hajajua kuhesabu ameshajua kwamba ukinyooshewa bakuli mbele ya watu, unachukua kidogo, unashukuru, na njaa yako unakaa nayo. Wale wazee wote wa wodi ile, wanawake waliokuwa wanakufa, walikuwa wanamwonyesha Sista adabu zao, na yeye anaandika kwamba Ufipa watu hawaumwi.

Nilimsubiri. Alipokuja nikamwambia, "Sista, Bibi Desideria anakudanganya kwa heshima." Akacheka. "Haya, Redio, ni habari au ni matangazo?" Nikasema ni kweli, tena nikaapa. Akanigonga kichwani kwa kalamu. "Wewe wa kumi kila siku? Nikuamini wewe kuhusu punje?" Ndiyo mshahara wa mcheshi. Ukisema kweli, watu wanasubiri mwisho wake wa kuchekesha. Nikafikiri kutwa nzima huku natazama mfuko wa mchanga. Bibi aliwahi kunisimulia kwamba akiwa msichana alifungiwa nje ya ghala na baba yake, kwa sababu aliwahi kumaliza kikapu cha karanga za mbegu peke yake. Karanga alizipenda kuliko mbingu, Mungu anisamehe. Basi asubuhi iliyofuata nikamwambia Sista, "Usiniamini mimi. Amini karanga, anazipenda kuliko chakula chochote. Zikaange, ziweke kwenye bakuli lile lile, mpitishie."

Sijui kwa nini alikubali. Labda ni kwa sababu siku hiyo sikutangaza habari. Alikuja na karanga za moto zilizonukia wodi nzima, akainama kwa Bibi. "Karibu karanga, Bibi." Nikaona koo la Bibi linapanda na kushuka. Akanyoosha mikono yote miwili. Akachukua moja. Akaitafuna muda mrefu sana, macho yamefumba. "Asante, mwanangu. Nimeshiba."

Sista alibaki ameinama vile vile. Halafu akakaa kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo matroni alikataza, akaweka bakuli sakafuni. Sikumwona uso, niliona mabega tu.

Alirudi baada ya chakula cha mchana na maharage yake. Safari hii hakunyoosha bakuli lenye kitu. Alimwaga punje zote kwenye mapaja ya Bibi, juu ya kitenge, akamshikia bakuli tupu. "Bibi," akasema, "hizi ni zako, ndio mzigo wako. Mimi nimekuja kukupokea. Nipe zile unazotaka nikubebee." Nikamtafsiria kwa Kifipa, asije akasema hakuelewa. Bibi akazitazama zile punje. Kupokea kwake kulikuwa kwa punje moja, lakini kutoa ni habari nyingine. Nani Ufipa anamtolea mgeni kidogo? Akazikusanya kwa mikono ile mipana, akazimimina zote kwenye bakuli. Kisha akaanza kupapasa mikunjo ya kitenge, huku na huku, anatafuta. "Mbona umenipa chache?" akauliza. "Hazikutosha."

Mama Kandida, ambaye hakuwahi kukosa neno, alijifunika blanketi mpaka kichwani.

Jioni ile Bibi alichomwa pethidini ya kwanza. Sista alirudia wodi nzima kwa njia mpya, na yale aliyokuwa ameandika wiki zote akayapiga mstari. Naomba nisimulie wiki zile polepole, kwa sababu zilikuwa nzuri na hazikuwa nyingi. Bibi alilala. Alikoroma! Mama Kandida alilalamika kwa furaha. Alikula ugali wa ulezi kwa mlenda akiwa ameegemea mto, akiukata tonge na kunionyesha kwanza, kama anayetoa ushahidi mahakamani. Aliniambia matuta yanavyoinuliwa majani yakiwa bado mabichi ili yaozee ndani, na namna watu walivyocheza baada ya kulima wakinywa pombe ya kimpumu, na alivyomkataa mchumba wa kwanza kwa sababu alitafuna kwa sauti. Sista alimuuliza swali lake la raha. "Wiki hii, Bibi, kuna jambo lililokufurahisha?" Bibi akanyoosha kidevu kunielekea. "Huyo. Hana adabu." Sista akaandika. Nadhani mpaka leo, chuoni kwao, kuna karatasi inayosema kwamba kinachowasaidia wagonjwa wa Ufipa ni kukosa adabu.

Mvua za kwanza zilikuja kwa fujo. Fides alikuwa ameteremka Milepa kupanda, akaahidi kurudi baada ya siku chache, na barabara ya bondeni ikageuka uji. Lori la madawa nalo lilikuwa linakuja kutoka Mbeya. Kila siku lilikuwa linakuja. Asubuhi moja, kabla uji haujafika, tulisikia matroni na Sista nyuma ya pazia, lile lile lisilozuia kitu. "Kabatini kuna nini?" Sista aliuliza. "Asprini," alisema matroni. "Na hizo punje zako za kuhesabu." "Nimwambieje?" Matroni akasema, "Umwambie uliyofundishwa." "Sikufundishwa hilo, mama."

Nilimgeukia Bibi. Macho yake yalikuwa wazi, yanatazama pazia. Kiswahili cha serikali alikisikia vizuri sana alipotaka.

Sista alitoka amenawa uso. Akapita vitandani kama kawaida, akafika kwetu, akamwaga punje kwenye kitenge, akashika bakuli tupu. Bati likalia kidogo kwa kugonga kwenye chuma. "Bibi, leo nikubebee ngapi?" Chini ya blanketi miguu ilikuwa inatikisa kitanda chake na changu. Bibi akachagua punje moja, taratibu, akaishika kwa mikono miwili, akaiweka kwenye bakuli. "Leo ni hii tu, mwanangu," akasema kwa Kiswahili kilichonyooka. "Umechoka. Nenda kakae." Nikafungua mdomo. Alinigeuzia macho kabla sijatoa sauti, akaniambia kwa Kifipa, "Nyamaza, Mlafi. Hana kitu. Usimtie aibu mtoto wa watu." Zile zilizobaki alizisogeza chini ya kiganja. Sista aliondoka, na Bibi akafungua ncha ya kitenge, ile yenye alama za meno, akazifunga mle ndani, fundo dogo gumu, kama wanawake wanavyofunga vitu vyao wakienda safari.

Mara ya kwanza punje moja ilikuwa kosa letu sote. Mara hii halikuwa kosa. Alijua hesabu yake, akaamua nani aibebe.

Kesho yake, kabla hakujapambazuka, aliniomba redio. Nilitangaza mpaka sauti ikakauka. Nilitangaza kwamba lori limeonekana, kwamba lina sukari, lina karanga, dereva anatafuna kwa sauti na hatapata mchumba. Alikuwa anauma kitenge, lakini kati ya kuuma na kuuma akasema, "Endelea." Niliendelea. Walipokuwa wanagawa uji, Mama Kandida akasema, "Yusta, mwanangu, acha sasa." Hakuwahi kuniita kwa jina langu. Ndipo nilipoona kwamba kitanda changu hakitikisiki tena.

Sista alikuja na bakuli lenye punje moja. Hakuuliza nyingine ziko wapi. Walipomfunika Bibi, kitenge chake kilikunjwa na kuwekwa pamoja na rozari, vya kumkabidhi ndugu. Kisha Sista akanigeukia na bakuli, kwa sababu kazi ni kazi. Mguu wangu haukuuma hata kidogo siku ile. Nilisema, "Kumi," naye akaandika kumi, wala hakunitazama kama natania.

Hayo yote yalinipita pale sokoni wakati Fides ananisubiri. Mama aliumia sana? Nilitafuta namna ya kusema. Nikasema, "Mara ya mwisho Sista alimuuliza anaumwa kiasi gani. Akasema kidogo tu." Sikusema uongo. Fides alifumba macho, akapiga ishara ya msalaba, mabega yake yakashuka kama mtu aliyetua ndoo. "Namshukuru Mungu," akasema. "Hata mimi nilijua. Maana unajua nilikuta nini kwenye kitenge chake? Mbegu za maharage, kazifunga vizuri kabisa. Nikasema, tazama mama, anaumwa na bado akili yake iko shambani. Mtu mwenye maumivu makali hawezi kufikiria mbegu." Akacheka huku anafuta macho. "Nikazipanda. Msimu wa kwanza nikazitunza zote, wa pili nikazitunza tena. Ndio haya unayoyaona. Ya mama."

Akachota kwa sahani, akaninyooshea, mekundu, yanang'aa. "Chukua, mwanangu. Chukua ya kuonja."

Watu walikuwa wanapita, wanatuangalia. Msichana mkubwa wa sekondari, mwenye adabu, angechukua kidogo na kushukuru. Nilikinga sketi yangu kwa mikono miwili nikasema, "Mimina yote."

"Hajabadilika huyu!" Fides akawaambia wenye meza za jirani, anacheka, anamimina. "Mlafi huyu! Mama alisema kweli!"

Na mimi nikakinga, mpaka sahani ikaisha.